Nani Ameshika Mizani? Kyela, Mashine Zilizotumika na Afya ya Betri

Mkulima wa mpunga wa Kyela hahitaji mhadhara kuhusu siasa ya vipimo. Ameuza kwa debe lililopigwa nyundo likatanuka tumbo. Ameuza kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kichwa juu ya kichwa hadi mtu mzima akashindwa kulibeba, huku bei ikibaki ile ile ya gunia moja. Anajua kwamba bei husemwa kwa sauti na kila mtu akaisikia, ila dhuluma hukaa kimya ndani ya kipimo. Mwenye kushika mizani ndiye mwenye soko.

Katika makala haya ninataka kuzungumzia kipimo kingine ambacho kimeanza kuingia nchini bila mjadala: afya ya betri ya gari la umeme lililokwisha kutumika ughaibuni. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la mafundi na wahandisi, si la mwalimu wa historia. Mimi naona kinyume chake. Swali la nani anajua mashine imebakiza uhai kiasi gani, na nani anaachwa aambiwe tu, ni swali la kale katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Tunalijadili leo kwa sababu limevaa nguo mpya.

Meli na moyo wake

Mwambao huu umepokea mashine za watu wengine kwa zaidi ya miaka 130. Mwaka 1893 Wajerumani waliteremsha ziwani meli ya mvuke waliyoiita Hermann von Wissmann. Ilikuja mapande kwa mapande, ikapandishwa kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, na penye maporomoko ikabebwa na wapagazi. Kituo cha utawala, Langenburg, kilijengwa kwenye ukingo wa kaskazini-mashariki wa ziwa, na baadaye kikahamishiwa milimani, mahali tunapopaita Tukuyu. Waingereza nao, upande wa kusini, walikuwa na meli yao, Gwendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899.

Tarehe 13 Agosti 1914, Gwendolen ikiongozwa na Kamanda Rhoades iliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita vimeanza. Rhoades alimteka, lakini hakuiteketeza meli. Aling'oa sehemu muhimu za injini yake na kuondoka nazo. Ganda lilibaki pale pale, zima, likitazamwa na kila mpita njia, nalo halikuweza kwenda popote. Wajerumani walihangaika kuifufua hata Waingereza wakalazimika kurudi tena mwezi Mei 1915. Baada ya Wajerumani kushindwa, meli hiyo hiyo ilitumikia Waingereza kwa jina la King George.

Ziwa Tanganyika lina kisa cha kufanana nacho, ila chenye mwisho wa furaha. MV Liemba ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Mvuke wake uliondolewa katika miaka ya 1970, ikawekewa injini za dizeli. Mwili ulibaki, moyo ukabadilishwa.

Visa hivi viwili vinatufundisha kutenganisha vitu viwili ambavyo jicho la mnunuzi hupenda kuvichanganya: mwili wa mashine na uhai wa mashine. Wissmann ya Agosti 1914 ilikuwa na mwili usio na uhai. Liemba ilipewa uhai mpya ndani ya mwili wa zamani. Gari la umeme lililotumika ni lazima lipimwe kwa jicho hilo hilo. Rangi inaweza kung'aa, viti vikawa safi, na moyo ukawa umekwisha kuliwa nusu.

Barabara ya Kasumulu

Baada ya meli ilikuja barabara. Msomaji kijana huenda hajui kwamba hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuagiza gari binafsi lilikuwa jambo la wachache mno, kwa kuwa fedha za kigeni zilishikwa na Serikali. Bajeti ya mwaka 1984/85, chini ya Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Pikapu zilianza kuonekana barabarani, na mlango uliofunguliwa haukufungwa tena.

Wakati huo huo vita vya Msumbiji vilikuwa vimeziba njia za Malawi kwenda bandari za Nacala na Beira. Malawi ikageukia Dar es Salaam. Vikajengwa vituo vya mizigo ya Malawi Dar es Salaam na Mbeya, na mizigo ikateremka hadi Karonga na Chilumba. Ndiyo maana leo, ukisimama kando ya barabara inayotoka Uyole kupitia Tukuyu, utayaona magari tunayoyaita ya IT yakishuka moja baada ya jingine hadi Kasumulu, kisha yakivuka Mto Songwe. Kyela imekuwa lango la mwisho la gari la Japani kabla halijaingia Malawi.

Sababu ya magari hayo kuwa mengi na nafuu iko Japani kwenyewe. Huko gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Wengi huona afadhali kuuza. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea mengi kuliko eneo jingine lolote.

Katika miaka hii 40 wananchi wetu walijijengea elimu yao. Fundi wa chini ya mwembe huko Ipinda husikiliza injini ikiwa baridi, huangalia rangi ya moshi, hunusa oili, huinama kutazama kutu. Mita ya kilometa haiamini, kwa kuwa anajua inarudishwa nyuma. Elimu hii haikuandikwa katika waraka wowote wa Serikali, lakini imeokoa akiba za watu wengi. Ndiyo iliyokuwa mizani ya mnyonge.

Gari la umeme limeivunja mizani hiyo. Halina moshi wa kutazama wala oili ya injini ya kunusa, na injini yake haina mngurumo wa kusikiliza. Kitu cha thamani kubwa kuliko vyote kimefungiwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, na habari zake zinasomwa na kompyuta tu.

Asilimia mia ya nini?

Gari la umeme lenyewe si geni duniani. Mwaka ule ule Gwendolen iliposhushwa majini, 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari la betri kwa zaidi ya kilometa 100 kwa saa karibu na Paris, na hakuna gari lililokuwa limewahi kufikia kasi hiyo. Betri zile za risasi zilikuwa nzito na zilichoka upesi, petroli ikawa nafuu, na gari la umeme likasahaulika. Lilifufuliwa na betri ya lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991, na iliyowapatia wanasayansi watatu Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Mwezi Desemba 2010 kampuni ya Nissan ilianza kuuza Leaf, na kwa kuwa lina usukani wa kulia na linatoka Japani, ndilo gari la umeme ambalo mnunuzi wa Tanzania, Kenya au Malawi hukutana nalo mapema anapotafuta lililotumika.

Betri ya lithiamu huzeeka kwa njia mbili. Huzeeka kwa kutumika, yaani kwa kila mzunguko wa kujazwa na kumalizwa. Huzeeka pia kwa kukaa tu, na kinachoharakisha uzee huo ni joto, hasa joto likiikuta betri imejazwa hadi pomoni. Leaf za mwanzo hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Phoenix, jimbo la Arizona, waliona betri zao zikipungua kabla ya wakati. Walikusanyika, wakayapima magari yao pamoja, wakalalamika hadharani. Kufikia mwaka 2013 kampuni ilikuwa imeongeza dhamana kwamba ndani ya miaka 5 au maili 60,000 betri isishuke chini ya vipande 9 kati ya vipande 12 vinavyoonekana kwenye dashibodi. Dhamana hiyo, bila shaka, haikuandikwa kwa ajili ya mtu atakayelinunua gari hilo mkono wa tatu akiwa Kyela.

Mtumishi mmoja wa umma wilayani Kyela, aliyekuwa mwanafunzi wangu, aliniandikia siku moja. Alikuwa amepata mkopo wa SACCOS wa kulipa kwa miaka minne, na picha sita za gari la umeme. "Mwalimu, shikamoo. Muuzaji amenionyesha kioo, betri inasoma asilimia 100. Nilipie?" Nilimjibu kwa swali: asilimia 100 ya nini?

Hapo ndipo penye fumbo lote. Asilimia inayoonekana kwenye kioo ni ya kile kilichobaki, si ya kile kilichokuwepo gari lilipotoka kiwandani. Ndoo iliyojaa mchanga nusu nayo huweza kujaa maji hadi ukingoni. Ukiitazama kwa juu utasema imejaa. Afya ya betri ni uwiano wa maji inayoweza kubeba leo na yale iliyoweza kubeba ikiwa mpya. Kwa Leaf, uwiano huo huonyeshwa na safu ya vipande 12 vyembamba kando ya vipande vya chaji. Kipande cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepungua kwa takriban asilimia 15, na vinavyofuata hupotea kwa takriban asilimia 6 kila kimoja. Wauzaji wa Japani wanavijua vipande hivi na huvitaja katika minada yao. Picha sita alizotumiwa mwanafunzi wangu hazikuonyesha hata kimoja. Alipoomba picha ya saba, muuzaji alinyamaza, naye akabaki na fedha zake.

Hata hivyo vipande navyo hudanganya. Kuna vifaa vya kufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, vipande vyote 12 vikarudi kuwaka kwa wiki kadhaa, kisha vikaanza kuzimika mnunuzi akiwa amekwisha kulipa. Huu ndio urudishaji nyuma wa kilometa wa karne hii. Na kompyuta yenyewe yaweza kukosea pasipo nia mbaya. New Zealand, nchi inayoagiza Leaf nyingi zilizotumika kutoka Japani, wananchi walijiunga katika mradi wa Flip the Fleet na kukusanya takwimu za magari yao wenyewe. Mwaka 2018 waligundua kwamba Leaf zenye betri ya kilowati-saa 30 zinaonekana kuzeeka kwa kasi ya ajabu. Ilibainika kwamba sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa programu iliyosoma vibaya, na kampuni ikatoa programu ya kuirekebisha. Phoenix na New Zealand zina fundisho moja: aliyepima peke yake aliambiwa anaota, waliopima pamoja walisikilizwa.

Mlima hauongopi, LUKU haiongopi

Sisi nasi tuna mizani zetu, kama tutazitambua. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja tunayoinunua kwa LUKU. Betri ya Leaf za mwanzo inaitwa ya uniti 24, na zinazotumika hasa ni kama 21. Kyela mjini iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu takriban mita 1,600. Kuliinua gari lenye abiria, kilo 1,700 hivi, kwa mita 1,100 kunahitaji uniti 5, hata kabla ya kuhesabu mwendo wenyewe. Kilometa 50 hivi za barabara zitakula nyingine 7. Jumla ni 12. Betri nzima itafika Tukuyu ikiwa na akiba ya uniti 9. Betri yenye afya ya asilimia 65 ina uniti 14 tu. Itafika ikihema, na dereva atazima redio na taa akidhani anaokoa kitu. Mbeya ni kama kilometa 70 zaidi, na barabara inapanda tena kabla ya kushuka, kwa hiyo bila kuchaji njiani hata betri mpya ya namna hiyo haifiki. Wakati wa kurudi, ni kweli, mteremko hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri, lakini mteremko haumsaidii aliyekwama akipanda.

Njia ya pili ni ya nyumbani. Zima vifaa vyote vya umeme, soma mita ya LUKU, chaji gari kutoka asilimia 20 hadi 100, kisha usome tena. Ukiruhusu umeme unaopotea njiani, betri nzima ya uniti 24 itakula kama uniti 19. Zikiingia 13, theluthi moja ya betri imekwenda, hata kioo kiimbe wimbo gani. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kimeshikwa na mnunuzi mwenyewe, na hilo ndilo jambo kubwa.

Sisemi kwamba betri iliyochoka ni takataka. Bonde la Kyela ni tambarare. Gari lisiloweza kupanda Tukuyu laweza kumpeleka mwalimu kutoka mjini hadi Ipinda na kumrudisha kwa miaka mingi, kwa gharama ndogo kuliko petroli, ilimradi liegeshwe kivulini na lisiachwe limejazwa pomoni juani. Likishindwa hata hilo, betri yake yaweza kuhifadhi umeme wa jua katika zahanati au duka. Kosa si kuuza kilichochoka. Kosa ni kukiuza kwa bei ya kizima, mbuzi akiwa kwenye gunia.

Wajibu wa dola

Hapa ndipo ninapowageukia watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu. Kodi yetu ya magari yaliyotumika inatazama mwaka wa kutengenezwa. Gari likizidi umri fulani, ushuru hupanda. Kenya imekwenda mbali zaidi na kuzuia magari yenye zaidi ya miaka 8. Kipimo cha mwaka kilifaa kwa kiasi katika zama za petroli. Kwa betri hakitoshi, kwa sababu magari mawili ya mwaka mmoja, moja limeishi kwenye baridi ya Hokkaido na jingine kwenye joto la Okinawa, hayawezi kuwa na afya moja.

Wenzetu wamekwisha kujilinda. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni ya kiufundi inayotaka betri ya gari jipya ibakize angalau asilimia 80 ya uwezo wake kwa miaka 5 au kilometa 100,000, na asilimia 70 kwa miaka 8 au kilometa 160,000. Umoja wa Ulaya umetunga sheria kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri ya gari iwe na pasipoti ya kidijitali inayoeleza ilikotoka na hali yake. Habari hizo zipo, basi, na zitazidi kuwepo. Swali la kisiasa ni kama zitavuka bahari pamoja na gari au zitabaki bandarini alikotoka.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, Shirika la Viwango lisikubali gari la umeme lililotumika bila cheti cha afya ya betri chenye namba ya chasisi, tarehe ya kupimwa na njia iliyotumika. Na cheti hicho kiandikwe kwa Kiswahili na kwa uniti zilizobaki, si kwa asilimia tupu. Pili, ushuru utazame afya hiyo pamoja na umri, ili anayeleta betri iliyokufa alipie mzigo wa kuiteketeza. Sisi ni wanachama wa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, uliozaliwa kwa sababu Afrika ilikataa kuwa jalala. Itakuwa ajabu taka hiyo hiyo ikiingia ikiwa na magurudumu. Tatu, vyuo vya VETA na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya viwafundishe mafundi wetu kusoma betri, ili mizani irudi chini ya mwembe.

Najua hoja ya upande wa pili: cheti kitaongeza gharama, na muhuri mpya huzaa rushwa mpya. Ni hoja nzito. Lakini rushwa ya cheti hugundulika pale mnunuzi anapokuwa na LUKU yake ya kukilinganisha nacho. Pasipo cheti hakuna hata cha kulinganisha. Na gharama ya cheti ni ndogo mbele ya mkopo wa miaka minne uliolipia gari la kuegesha.

Mwisho, tukumbuke kinachopita kwenye barabara zetu. Kobalti na shaba ya Kongo huingia Tunduma na kupita Mbeya ikielekea bandarini. Kinywe cha Mahenge na nikeli ya Kabanga, ambavyo viwanda vya betri duniani vinavihitaji, vimo ardhini mwetu. Madini hayo yakitoka nchini hupimwa hadi gramu ya mwisho, kwa mizani ya mnunuzi na maabara ya mnunuzi, naye hakubali kuuziwa kwa macho. Yanaporudi Kasumulu yakiwa betri ya mkono wa pili, Mtanzania na Mmalawi wanaombwa waridhike na picha sita na neno la muuzaji. Tulipokuwa wauzaji tulipimiwa. Sasa tumekuwa wanunuzi, na tuna haki ya kupima.